Sura ya Sita: Mtoto Abaki na Nani?

Kodi ya nyumba na malipo ya mlezi wa mtoto hutoka mfuko mmoja. Hata hivyo serikali nyingi hupanga mambo haya mawili kana kwamba hayajuani. Wizara moja inajenga nyumba, nyingine inasajili vituo vya kulelea watoto mchana, na anayelazimika kuyaunganisha ni mama, kila alfajiri, mtoto akiwa mgongoni na yeye hajui leo atamwacha kwa nani.

Tuchukue hesabu za mama mmoja wa kubuni anayeishi Mukuru, mtaa wa mabati ulio kando ya viwanda vya Industrial Area, Nairobi. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu na amepanga chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Kazi yake ni kufua nguo za watu. Siku akipata kibarua, tuseme analipwa shilingi 500. Kumwacha mtoto kwa mlezi wa mtaani mara nyingi ni kati ya shilingi 50 na 100 kwa siku, uji na nepi akibeba mwenyewe. Siku akizunguka na kukosa kazi, mlezi bado anamdai, kwa sababu alishamwachia mtoto. Sasa serikali inamjengea nyumba bora, yenye maji na choo ndani, ila iko mbali na wateja wake. Kodi ni ya ruzuku, lakini nauli imepanda, na mlezi aliyemzoea mtoto amebaki kule walikotoka. Mama huyu akipiga hesabu upya atakuta nyumba hiyo nafuu inamgharimu zaidi ya kile chumba cha mabati.

Hoja ninayoisimamia katika sura hii ni kwamba nyumba ya watu wa kipato cha chini haijakamilika mpaka iwe na mahali pa kulelea watoto wadogo, karibu na mlango, kwa bei ambayo mpangaji anaimudu. Tena nitadai kwamba chumba chenyewe ndicho sehemu rahisi ya kazi hiyo. Ugumu uko kwenye mshahara wa mlezi.

Watoto ninaowazungumzia zaidi ni wale ambao sheria na shule zimewaruka. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo. Tanzania inatoa siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Elimu ya awali Kenya huanza mtoto akiwa na miaka 4. Kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa nne, familia iko peke yake. Muuza mboga, msusi na mama fua hata hiyo miezi mitatu hawana, maana hawana mwajiri wa kuwapa. Ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kutembea, kusema na kumwamini mtu mzima, na ndiyo miaka ambayo kodi inalipwa kwa taabu kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu mmoja mwenye nguvu za kufanya kazi amefungwa nyumbani.

Uani na ghorofa

Miji yetu ya pwani ilikuwa na jibu lake. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo, Ilala na Magomeni ilikuwa na baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani: jiko, choo, kamba za nguo, ndoo za maji. Kila chumba kilikuwa na familia yake, na mara nyingi mwenye nyumba aliishi humo humo. Kwa kuwa kupika, kufua na kuosha vyombo vyote vilifanyika uani, mtoto aliyekuwa akitambaa hapo alikuwa machoni pa watu wazima wanne au watano. Mama akitoka kwenda sokoni alisema neno moja tu kwa jirani. Fundi aliyejenga nyumba ile hakuwa na mpango wa malezi, lakini malezi yalikuwamo katika umbo lake.

Sisemi turudi huko. Uani palikuwa na majiko ya mkaa na sufuria za maji ya moto chini, kimo cha mtoto. Na tuseme ukweli kuhusu mlezi mwenyewe: mara nyingi alikuwa msichana wa miaka kumi au kumi na miwili, dada wa mtoto, aliyezuiwa kwenda shule. Familia iliyokuwa na nafuu kidogo ilimleta binti kutoka kijijini, akawa dada wa kazi, akalea mtoto wa watu akiwa mtoto mwenyewe. Malezi yale hayakuwa ya bure. Gharama yake ililipwa na msichana ambaye leo ni mama asiyejua kusoma, na hadi sasa kuna nyumba nyingi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinazoendeshwa kwa utaratibu huo huo.

Ghorofa imeondoa uani bila kuleta kitu badala yake. Familia inapopanda ghorofa ya nne, milango inafungwa, ngazi zinakuwa hatari, na mtoto anayecheza chini haonekani kutoka dirishani. Majirani ni wageni waliopatikana kwa bahati nasibu ya mgao. Hili si jambo la Afrika peke yake. Mwaka 1957, Michael Young na Peter Willmott walichapisha kitabu cha utafiti wao kuhusu familia za wafanyakazi wa Bethnal Green, mashariki mwa London. Walikuta mtaa wa nyumba chakavu ambamo binti aliyeolewa aliishi hatua chache kutoka kwa mama yake, na bibi ndiye aliyelea wajukuu. Serikali ya mji iliwahamisha wengi kwenda mtaa mpya huko Essex, ambao kitabu kiliupa jina la Greenleigh. Huko walipata bafu, bustani na hewa safi. Kilichobaki nyuma ni bibi. Waliohama walizungumza juu ya upweke, na wanawake waliokuwa wakifanya kazi London waliona kazi imekuwa mbali na hakuna wa kumwachia mtoto. Waliopanga uhamisho walihesabu vyumba kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuna aliyehesabu bibi.

Kila mradi wa kuhamisha watu wa vibandani kwenda majengo mapya unakutana na jambo hili, kwa sababu kinachovunjwa siku ya kubomoa ni pamoja na mtandao wa walezi uliojengwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana naona kituo cha watoto si pambo la mradi. Ni fidia ya kitu ambacho mradi wenyewe umekiondoa.

Vienna walivyofanya

Mji ulioelewa jambo hili mapema kuliko mingine ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji ulikuwa na njaa, kifua kikuu, na familia za wafanyakazi zilizobanana katika vyumba visivyo na maji. Chama cha Social Democrats kilichoshika uongozi wa mji kilianzisha mwaka 1923 kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, iliyosimamiwa na Hugo Breitner, mkuu wa fedha wa mji. Kodi hiyo iliongezeka kadiri nyumba ilivyokuwa ya kifahari, kwa hiyo mwenye jumba alilipa sehemu kubwa zaidi kuliko mpangaji wa chumba. Fedha zake zilitumika kujenga moja kwa moja, bila kukopa. Kwa sababu hakukuwa na riba ya kurudisha, pango lilitakiwa kugharimia matunzo tu, likawa kama asilimia 4 ya mshahara wa mfanyakazi. Hadi mwaka 1934 mji ulikuwa umejenga zaidi ya nyumba 60,000.

Jengo lake mashuhuri ni Karl-Marx-Hof, lililochorwa na Karl Ehn na kuzinduliwa mwaka 1930. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na lilikuwa na nyumba 1,382 za kukaa watu wapatao 5,000. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo, na waliolibeza jengo walianzia hapo. Lakini majengo yalichukua chini ya moja ya tano ya kiwanja, na sehemu iliyobaki iliachwa iwe bustani na viwanja vya kuchezea. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na shule mbili za chekechea, vyumba viwili vikubwa vya kufulia vyenye mashine, mabafu, kliniki ya meno, ofisi ya ushauri kwa akina mama, maktaba, duka la dawa na posta.

Ningependa msomaji aangalie mpangilio wake. Milango ya ngazi haikuelekea barabarani. Mtu aliingia kwanza uwanja wa ndani, kisha ndipo akapanda kwake. Kwa hiyo kila mkazi, akienda kazini na akirudi, alipita palipo watoto. Mama aliweza kumpeleka mtoto chekechea bila kuvuka barabara, kupeleka nguo kwenye mashine, na kuwahi tramu. Saa alizookoa zilikuwa na thamani kama fedha alizookoa kwenye pango. Mkuu wa ustawi wa jamii wa mji, daktari Julius Tandler, alikuwa na utaratibu wa kumpa kila mtoto mchanga wa Vienna furushi la nguo na nepi, awe wa tajiri au wa maskini. Kwa watu hawa nyumba, afya na malezi vilikuwa kazi moja iliyogawanywa kwenye meza kadhaa, na meza zote zilikuwa chini ya baraza moja la mji lenye mfuko wa fedha wake.

Mwezi Februari 1934 jeshi la serikali ya kitaifa lililipiga jengo hilo kwa mizinga, na utawala ule wa mji ukaisha. Nyumba zilibaki. Leo manispaa ya Vienna inamiliki nyumba zipatazo 220,000, na tangu mwaka 2009 mji unagharimia chekechea kwa watoto wote, mzazi akichangia chakula. Hapa kuna somo ambalo wengi wanaoitembelea Vienna hawaliandiki kwenye ripoti zao: wanapiga picha majengo, ilhali kinachofanya chekechea ile ifunguliwe asubuhi ni fungu la kila mwaka la mishahara.

Mwaka 1935, mjini Stockholm, msanifu majengo Sven Markelius na mwanamageuzi Alva Myrdal walijenga jengo lililokuwa na kituo cha watoto chini na mkahawa uliopandisha chakula kwa lifti ndogo hadi kila nyumba. Lilikuwa wazo zuri, ila waliohamia humo walikuwa zaidi watu wa tabaka la kati na wasomi. Bila ruzuku, huduma nzuri hukimbilia kwa wenye uwezo.

Marekani, vita na baada ya vita

Marekani inajulikana kuwa nchi isiyotaka serikali iingie katika malezi, na bado imewahi kufanya jambo hili vizuri kuliko wengi. Harlem River Houses, nyumba za umma zilizofunguliwa New York mwaka 1937 kwa ajili ya familia za Wamarekani Weusi, zilikuwa na shule ya watoto wadogo na kliniki tangu mwanzo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Wanaume walienda vitani, viwanda vikaita wanawake, na ghafla lile swali la mtoto abaki na nani likawa suala la ulinzi wa taifa.

Kwa fedha zilizotolewa chini ya Sheria ya Lanham, serikali kuu iligharimia vituo vya watoto nchini kote kuanzia 1943 hadi 1946. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto nusu milioni walipita humo. Mzazi alilipa kama senti 50 kwa siku, chakula kikiwemo. Miongo mingi baadaye mchumi Chris Herbst alifuatilia takwimu za watoto wa majimbo yaliyopata fedha nyingi zaidi, akakuta kwamba walipokuwa watu wazima walikuwa na ajira na kipato bora, na walionufaika zaidi ni waliotoka familia maskini.

Huko Portland, jimbo la Oregon, kampuni ya Kaiser iliyokuwa ikiunda meli ilifungua mwaka 1943 vituo viwili kwenye malango ya karakana zake. Vilifanya kazi saa 24, kwa sababu karakana nazo zilifanya kazi saa 24. Mama aliyetoka zamu ya jioni alimchukua mtoto pamoja na chakula kilichopikwa tayari kwa ajili ya familia. Karibu na hapo ulijengwa kwa haraka mji mzima wa wafanyakazi, Vanport, wenye watu wapatao 40,000 wakati wa kilele chake, ukiwa na shule na vituo vyake vya watoto. Maelfu ya wakazi wake walikuwa Weusi, wengi wao waliotoka majimbo ya kusini, na nyumba za Vanport zilikuwa miongoni mwa chache walizoruhusiwa kupanga.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, vituo vya Kaiser vilifungwa. Fedha za Lanham nazo zikakatwa mwaka uliofuata. Vanport ilisombwa na mafuriko ya mto Columbia tarehe 30 Mei 1948, na watu wapatao 18,500 wakakosa makazi. Ujuzi wote uliokusanywa juu ya saa za kufungua, lishe na mafunzo ya walezi ukawekwa kabatini. Mwaka 1971 bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kuanzisha mtandao wa vituo vya watoto kwa nchi nzima, na Rais Richard Nixon akaukataa kwa kura ya turufu mwezi Desemba. Tangu hapo Marekani imekuwa na vipande vipande: Head Start kwa watoto maskini tangu 1965, vocha za malezi tangu 1990, na wengi wanaostahili vocha hizo hawazipati.

Katika vipande hivyo kuna kimoja kinachostahili kusimuliwa. Mwaka 1974 kanisa moja la Kimethodisti mjini Denver lilisaidia kuanzisha Warren Village, jengo la wazazi wanaolea peke yao. Mpangaji analipa pango kulingana na kipato, kituo cha watoto kiko ndani ya jengo hilo hilo, na mzazi anatakiwa awe anasoma au anafanya kazi. Mpango kama huo umekua pia Louisville, Kentucky, mji ambao leo una familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Huko mpango wa Family Scholar House unaunganisha nyumba, malezi ya mtoto na masomo ya chuo kwa wazazi walio peke yao. Nguvu ya mipango hii ni kwamba mzazi hapangi ratiba tatu kwa ofisi tatu. Udhaifu wake ni udogo. Inahudumia mamia, wakati wanaohitaji ni mamilioni.

Fedha za kuta na fedha za watu

Tufike sasa kwenye kiini. Nyumba nyingi za kipato cha chini zinazojengwa Marekani leo zinapatikana kwa punguzo la kodi lililowekwa katika sheria ya mwaka 1986. Mwekezaji anatoa fedha za ujenzi, na serikali inampunguzia kodi kwa miaka 10, mradi pango lisivuke kiwango kilichowekwa. Mwaka 2000 sheria iliruhusu gharama ya kujenga chumba cha huduma za jamii, kwa mfano kituo cha watoto katika mitaa maskini, ihesabiwe ndani ya punguzo hilo, na mwaka 2008 kiwango kikaongezwa. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo kila jengo lingekuwa na kituo. Haikuwa hivyo, kwa sababu sheria ile inalipa kuta. Hailipi mlezi.

Ujenzi hulipiwa mara moja na mshahara hulipwa kila mwezi. Katika lugha ya bajeti zetu, kimoja ni matumizi ya maendeleo na kingine ni matumizi ya kawaida. Mwanasiasa hupenda cha kwanza kwa sababu kina utepe wa kukata. Cha pili ni mzigo usioonekana, na ndicho kinachokatwa kwanza mwaka mbaya ukija. Hivyo chumba kilichochorwa kwa rangi za kuvutia kinafunguliwa kwa sherehe, mlezi anakosa mshahara miezi mitatu, na mwisho kinageuzwa ghala au ukumbi wa kukodisha.

Malezi ya watoto wachanga nayo hayana njia ya mkato ya kupunguza gharama. Mtu mmoja hawezi kuwashika watoto 15 wa umri wa miezi minane, hata awe na upendo kiasi gani. Akijaribu, watalala kutwa kwenye giza ili wasilie, na hilo ndilo linalotokea katika vyumba vingi vya mabati ambako mlezi anatoza kidogo na kupokea wengi ili naye alipe kodi yake. Tusimlaumu. Anachoweza kulipa mama fua hakitoshi kumweka mlezi mzuri, na anachohitaji mlezi mzuri mama fua hawezi kukilipa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mmoja wa wanawake hawa wawili. Lazima litokee fungu la tatu.

Jengo lenyewe linaweza kuwa sehemu ya fungu hilo, na hapa ndipo kuunganisha nyumba na malezi kunapoleta faida ya kweli. Chumba kikitolewa bila pango, gharama moja kubwa ya kituo imeondoka. Maji na umeme vikiingia kwenye ada ya pamoja ya jengo, nyingine imeondoka. Maduka ya chini yakipangishwa kwa bei ya soko, na sehemu ya pango lao ikawekwa kwenye akaunti ya kituo kwa maandishi, mlezi anapata msingi wa mshahara usiotegemea kama leo wazazi wamepata kibarua. Ada ya mzazi inabaki ndogo na inalingana na kipato.

Chumba chenyewe kina masharti machache ambayo msanifu hapaswi kuyajadili. Kiwe chini kabisa, kwa sababu moto ukitokea hakuna mtu anayeweza kushuka ngazi na watoto sita mikononi. Kiwe na uwanja wake wenye uzio na kivuli, vyoo vya kimo cha mtoto, jiko lililotengwa, na dirisha linaloonekana na wapitao njia. Sharti hili la mwisho nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Mtoto anayeonekana na majirani hatendewi vibaya kwa urahisi.

Kuna njia ya pili, nayo ni kumruhusu mpangaji alee watoto wachache ndani ya nyumba yake. Mikataba mingi ya upangaji inakataza biashara yoyote ndani ya nyumba, na kwa kifungu hicho mwanamke mwenye ujuzi wa kulea anafanywa mvunja sheria. California ilibadilisha hili kwa sheria iliyosainiwa 2019: mwenye nyumba hawezi kumkataza mpangaji mwenye leseni kuendesha malezi ya watoto nyumbani kwake, hata kama ni kwenye ghorofa. Sheria kama hiyo haimgharimu mlipa kodi karibu chochote.

Nairobi sasa

Nimerudi Nairobi kwa sababu ndipo tulipo na utafiti na fedha kwa wakati mmoja. Katika mtaa wa Korogocho, watafiti wa kituo cha utafiti cha APHRC na Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada waliwafuatilia zaidi ya akina mama 1,000 wenye watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Baadhi yao walipewa vocha za kulipia vituo vya mtaani. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 2016, kiwango cha ajira miongoni mwa waliopewa vocha kilikuwa juu ya cha wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Wale waliolea peke yao waliweza kuhamia kazi zenye saa za kawaida bila kupoteza kipato. Matokeo hayo yalipatikana katika vituo vile vile vya mtaa, bila jengo jipya hata moja.

Upande wa walezi pia kuna msingi. Shirika la Kidogo, lililoanzishwa na Sabrina na Afzal Habib, linafanya kazi na wanawake ambao tayari wana vituo mitaani. Linawafundisha, linawasaidia kuboresha vyumba, na linawaunganisha wajifunze wao kwa wao. Hili ni muhimu, kwani mlezi wa mtaa anawajua wazazi, anajua nani amefiwa na nani amefukuzwa kazi, na wazazi wanamwamini. Kumleta mtu kutoka nje mwenye cheti na kumwacha huyu bila riziki ni dhuluma, na tena ni hasara.

Na fedha zipo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Sheria yenyewe inaruhusu fedha hizo zitumike pia kwa miundombinu ya kijamii inayoambatana na nyumba. Kituo cha watoto kinaingia humo bila kulazimisha maneno. Kikwazo kiko kwingine. Ushuru wa nyumba unakusanywa na serikali kuu, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Anayejenga si anayeajiri. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo vya watoto tangu 2017, lakini sheria ya kusajili na kukagua haimlipi mtu mshahara.

Kwa maoni yangu, mkataba wa kila mradi mkubwa unapaswa kusainiwa na pande zote mbili kabla msingi haujachimbwa: serikali kuu ijenge chumba na kukitoa bila pango, kaunti iahidi mishahara ya walezi katika bajeti yake ya kila mwaka, na maduka ya chini yachangie. Watu wanapoandikishwa kabla ya kubomoa mtaa, walezi waandikishwe pia kwa majina na idadi ya watoto walio nao, ili wapewe nafasi ya kwanza katika kituo kipya. Na mgao wa nyumba uwaweke pamoja watu waliokuwa majirani, kila inapowezekana, kwa sababu jirani wa zamani ndiye anayemchukua mtoto kituo kikishafungwa saa kumi na moja na mama bado yuko kwenye matatu.

Tanzania nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inakusanya afya, lishe, ulinzi na elimu ya mtoto mdogo chini ya mpango mmoja. Wenye kujenga nyumba, kuanzia Shirika la Nyumba la Taifa hadi halmashauri, wanapaswa kukaa kwenye meza hiyo.

Kama mtaa wako uko kwenye orodha ya kujengwa upya, utaitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Nchini Kenya hiyo ni haki yako ya kikatiba. Watakuonyesha ramani na watakuuliza kuhusu lifti, maegesho na maduka. Wewe uliza mambo mawili, na udai yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: chumba cha watoto wa chini ya miaka minne kiko wapi kwenye ramani hii, na mshahara wa mlezi utatoka fungu gani mwaka wa pili.